Ubao wa Matangazo ni wa Nani? Sheria Ndogo, Vikundi vya Jamii na Mafao ya Wengi katika Bonde la Kilombero

Mpunga ukishavunwa na barabara za udongo zikakauka, Bonde la Kilombero huingia katika majira yake ya matangazo. Kila kundi huwa na neno la kuwaambia watu. Parokia inatangaza Daraja Takatifu la Upadre, kwaya inazindua nyimbo zake mpya, WAWATA wanaitisha harambee ya kumalizia ukumbi, na vijana wanaandaa bonanza la michezo. Kikundi cha wakulima kinawaita wenzao kwenye mafunzo ya mbegu, nayo zahanati inatangaza siku ya kupima afya bila malipo. Ndipo karatasi zinapobandikwa kwenye kuta za soko, vitambaa vinapotandazwa juu ya barabara kutoka mti hadi mti, na gari la matangazo linapopita mitaani kuanzia Kibaoni hadi Lipangalala likiwa na spika mbili juu ya paa.

Katika majira hayohayo huzuka swali ambalo viongozi wa vikundi hulileta mara nyingi katika ofisi za parokia: je, tunahitaji kibali cha nani, tulipe nini, na kwa nini tangazo la mkutano wa sala litozwe kama tangazo la bia? Kwa juu juu swali hili ni la karatasi na gundi. Kwa undani ni swali la nani ana haki ya kusikika mahali palipo pa wote. Ndiyo maana tumeona vema kulichambua kwa utulivu, kwa mwanga wa sheria za nchi na wa Mafundisho Jamii ya Kanisa.

Mahali pamoja, wenye mamlaka wengi

Ugumu wa kwanza hutokana na ukweli kwamba kile tunachokiita "mahali pa umma" hakina mwenye nyumba mmoja. Barabara kuu na barabara za mkoa, pamoja na eneo la hifadhi yake, ziko chini ya Wakala wa Barabara, TANROADS. Barabara za mitaa na za wilaya ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Nguzo ya umeme ni mali ya TANESCO. Ukuta wa soko, uzio wa stendi, uwanja wa mpira na ubao ulio mbele ya ofisi ya kata huangukia mikononi mwa halmashauri, ambayo hapa Ifakara ni Halmashauri ya Mji. Ukivuka kwenda Mlimba, Mahenge au Malinyi, unaingia katika halmashauri nyingine yenye sheria ndogo zake.

Kwa hiyo kikundi kinachotaka kutundika kitambaa kimoja kando ya lami inayotoka Kidatu kinaweza kujikuta kinahitaji kuzungumza na ofisi mbili au tatu. Tangu Daraja la Magufuli lilipofunguliwa mwaka 2018 na kuchukua nafasi ya kivuko, watu wa pande mbili za Mto Kilombero wamezidi kutembeleana, nazo shughuli zao zimezidi kuvuka mipaka ya halmashauri. Tamasha la kwaya linalofanyika Ifakara linawaalika waamini wa Lupiro. Tangazo moja linapita katika mamlaka zaidi ya moja, na kila mamlaka ina utaratibu wake.

Halmashauri za miji hupata uwezo wa kutunga sheria ndogo kutoka Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya mwaka 1982, na halmashauri za wilaya kutoka Sheria Na. 7 ya mwaka huohuo. Uwezo wa kutoza ada na ushuru umewekwa katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa Na. 9, nayo ya mwaka 1982. Jambo ambalo wananchi wengi hawalifahamu ni kwamba sheria ndogo haitungwi chumbani. Halmashauri hutakiwa kwanza kuwatangazia wakazi kusudio lake na kuwaalika watoe maoni au pingamizi kwa maandishi, kisha Baraza la Madiwani hupitisha rasimu, na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huiridhia kabla haijaanza kutumika. Hapo kati, raia na kikundi chake wana mlango. Wengi huupita mlango huo bila kubisha, na baadaye hulalamika mbele ya mgambo mwenye kitabu cha stakabadhi.

Bango la biashara na taarifa ya jamii

Historia ya karibuni ya ada za mabango inatusaidia kuona mahali penye utata. Mwaka 2017 Bunge, kwa Sheria ya Fedha, liliipa Mamlaka ya Mapato Tanzania jukumu la kukusanya ada za mabango, kazi ambayo hapo kabla ilikuwa ya halmashauri. Katika bajeti hiyohiyo ya mwaka 2017/2018 Serikali ilifuta ada kwa mabango yanayoelekeza mahali zinapopatikana huduma za jamii, kama vile shule na hospitali. Hatua hiyo ya pili haikuzungumzwa sana, lakini ina fundisho kubwa. Serikali yenyewe ilikiri kwamba si kila maandishi yaliyosimama kando ya barabara ni biashara. Kibao kinachomwonyesha mgonjwa njia ya kwenda Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hakiuzi kitu. Kinamsaidia mtu afike anakotakiwa kufika, na kumtoza ada mwenye kibao hicho kungekuwa sawa na kumtoza mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Hata hivyo, kati ya bango la biashara na kibao elekezi kuna nafasi pana ambayo haikujazwa. Humo ndimo yamo matangazo ya vikundi vya jamii: mkutano wa vijana, harambee, semina ya ndoa, kampeni ya kuchangia damu, mahafali, mazishi ya mtu mashuhuri, sikukuu ya somo wa parokia. Si biashara, kwa kuwa hakuna anayepata faida ya kugawana. Wala si vibao elekezi, kwa kuwa ni ya muda na yanahusu tukio, si jengo. Pale ambapo sheria ndogo haikutaja kundi hili kwa jina, msimamizi hulazimika kuamua kwa busara yake mwenyewe: leo anaweza kulihesabu kuwa tangazo la biashara, kesho akaliacha lipite, keshokutwa akamtoza huyu na kumwachia yule.

Hapo ndipo penye madhara halisi. Kampuni ya vinywaji au ya simu ina fungu la matangazo, na kwake ada ya bango ni gharama ndogo. Kikundi cha akina mama ishirini wanaochangishana kila wiki hakina fungu hilo. Ada ileile kwa wote huonekana kuwa usawa, kumbe matokeo yake ni kwamba ukuta wa umma huachiwa mwenye fedha peke yake. Na katika bonde letu, ambamo familia nyingi hukaa mashambani kwa miezi na kufika mjini siku ya soko tu, karatasi iliyobandikwa stendi bado ni mjumbe wa kuaminika. Mama aliyetoka Mngeta asipoiona taarifa ya siku ya chanjo, hasara haihesabiwi kwa shilingi.

Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inatambua uhuru wa maoni, na pamoja nao haki ya kila raia kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi, na kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Haki hiyo haiishii kwenye redio na magazeti. Ubao wa matangazo wa kata ni chombo cha habari cha mtu wa kawaida.

Taarifa si ombi

Utata wa pili hutokea pale tangazo linapohusu mkutano wa hadhara. Wengi huamini kwamba kila mkusanyiko wa nje huhitaji kibali cha polisi. Sheria haisemi hivyo. Mwaka 1994, katika shauri lililofunguliwa na Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Mahakama Kuu mjini Dodoma, chini ya Jaji Kahwa Lugakingira, ilitamka kwamba kumlazimisha raia aombe kibali ndipo akusanyike na wenzake kunapingana na uhuru uliomo katika Katiba. Sheria ya Jeshi la Polisi ilivyo sasa inamtaka mwandaaji wa mkutano au maandamano ya hadhara atoe taarifa kwa maandishi kwa afisa msimamizi wa polisi wa eneo hilo, isiyopungua saa 48 kabla ya tukio, akieleza mahali, muda na kusudi. Polisi wanaweza kuzuia kwa sababu za usalama. Ila mwanzo wa jambo ni taarifa, wala si ombi.

Tofauti hii yaweza kuonekana kama mchezo wa maneno, lakini uzito wake ni mkubwa. Anayeomba husubiri kuruhusiwa, na asipojibiwa hana kitu. Anayetoa taarifa ameshatimiza wajibu wake, na anayetaka kumzuia ndiye anayepaswa kutoa sababu. Taifa letu limejifunza jambo hili kwa njia ngumu. Mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilizuiwa mwaka 2016 na kuruhusiwa tena mwezi Januari 2023, ilhali sheria iliyohusika ilikuwa ileile wakati wote. Mazoea yanaweza kuifunika sheria, na yakikaa muda mrefu watu huyadhani kuwa ndiyo sheria.

Vivyo hivyo katika ngazi ya mtaa. Afisa anaposema "leteni barua, tutaona", na barua ikakaa mezani mpaka siku ya tukio ikapita, hakuna aliyekataa na hakuna aliyekubali. Ukimya huo ni uamuzi, ingawa hauna sahihi wala mhuri, na kwa sababu hauna sahihi hauwezi kukatiwa rufaa.

Katika orodha hii tusiisahau sauti. Gari la matangazo na spika za mkutano huongozwa pia na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 na Kanuni za Viwango vya Udhibiti wa Kelele na Mitetemo za mwaka 2015. Kanuni hizo hazimuulizi mpiga kelele dini yake wala chama chake. Hupima sauti. Huo ni mfano mzuri wa sheria inayosimamia namna bila kuhukumu ujumbe.

Wenzetu walipitia wapi

Suala hili si letu peke yetu, na nchini Marekani limefika hadi Mahakama ya Juu zaidi ya mara moja. Katika mji mdogo wa Gilbert, jimbo la Arizona, kanisa dogo lisilo na jengo lake lilikuwa likisali katika shule na kumbi za kukodi, na kila wiki lilitundika vibao vya kuwaelekeza watu mahali pa ibada. Sheria ya mji iliruhusu mabango ya kisiasa yenye ukubwa wa hadi futi za mraba 32, nayo yakae kwa muda wote wa kampeni. Mabango ya itikadi yaliruhusiwa hadi futi za mraba 20 bila kikomo cha muda. Lakini vibao vya kuelekeza kwenye tukio la kikundi vilipewa futi za mraba 6 tu, vitundikwe si zaidi ya saa 12 kabla ya tukio na kuondolewa saa moja baada yake. Mchungaji Clyde Reed na kanisa lake walikwenda mahakamani. Tarehe 18 Juni 2015 majaji wote tisa walikubaliana kwamba mji ulikosea, kwa kuwa ulipima bango kwa kusoma kilichoandikwa ndani yake badala ya kuangalia ukubwa, mahali na muda.

Isidhaniwe kwamba mahakama hiyo huruhusu kila kitu. Mwaka 1984, katika shauri lililohusu mji wa Los Angeles, ilikubali kwamba mji waweza kupiga marufuku mabango yote kwenye nguzo za umma ili kulinda mandhari, mradi marufuku hayo yamguse kila mtu. Na mwaka 2022, katika shauri la Boston, ilitazama mlingoti wa bendera ulio mbele ya ofisi za jiji. Kati ya mwaka 2005 na 2017 jiji liliruhusu vikundi mbalimbali kupandisha bendera katika hafla zao mara 284 bila kumkataa yeyote, kisha likakikataa kikundi kimoja kwa sababu bendera yake ilikuwa ya Kikristo. Majaji wote walisema kwamba mlango uliofunguliwa kwa vikundi vyote hauwezi kufungwa kwa kimoja kwa sababu ya imani yake.

Katiba yao si yetu, wala hatuhitaji kuazima sheria zao. Lakini mashauri hayo matatu yakiwekwa pamoja yanatoa kanuni ambayo mtu yeyote mwenye akili ya haki anaweza kuikubali. Mamlaka yaweza kupanga mahali, ukubwa, muda na usafi. Yaweza hata kukataza kabisa, ikiwa inawakataza wote. Isichoweza ni kusoma tangazo kwanza ndipo iamue kama mwenye nalo anastahili ukuta.

Kanisa linafundisha nini

Mafundisho Jamii ya Kanisa yana misingi miwili inayogusa jambo hili moja kwa moja. Wa kwanza ni kanuni ya auni, iliyofafanuliwa na Baba Mtakatifu Pio XI katika Waraka wake "Quadragesimo Anno" wa mwaka 1931. Anafundisha kwamba chombo kikubwa kisinyakue kazi ambayo chombo kidogo kinaweza kuifanya chenyewe. Kazi ya kilicho kikubwa ni kukitegemeza kilicho kidogo. Familia, Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, chama cha akiba na mikopo, kikundi cha ngoma: vyote hivi vinaishi kwa haki yao wenyewe, havikuumbwa na Serikali. Ibara ya 146 ya Katiba yetu inaelekea upande huohuo inapotaja kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Halmashauri inayovirahisishia vikundi kutangaza shughuli zao haivipi zawadi. Inatimiza sababu ya kuwapo kwake.

Msingi wa pili ni mafao ya wengi. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika "Gaudium et Spes" ya mwaka 1965, unayaeleza kuwa ni mazingira ya maisha ya kijamii yanayowawezesha watu na makundi yao kuufikia ukamilifu wao kwa urahisi zaidi. Mtaguso huohuo, katika hati juu ya vyombo vya mawasiliano ya jamii, "Inter Mirifica", ya mwaka 1963, ulikiri haki ya binadamu kupata habari zinazomhusu yeye na jamii yake. Lakini mafao ya wengi yana upande wa pili. Ukuta ulio safi ni mali ya wengi. Usingizi wa mgonjwa wa wodini ni mali yake, na mtoto anayejisomea usiku ana haki ya ukimya. Mti wa kivuli kando ya barabara haukupandwa ili upigwe misumari.

Kwa hiyo mafundisho haya yanawabana watawala na wanaotawaliwa kwa pamoja. Kuna vikundi vinavyobandika karatasi juu ya karatasi ya wenzao ambayo tarehe yake haijapita. Kuna vitambaa vya Pasaka vinavyokutwa na Noeli vikiwa vimechanika juu ya barabara. Kuna spika zinazoelekezwa kwenye nyumba za watu wa imani nyingine kana kwamba Habari Njema huingia kwa nguvu ya sauti. Anayedai haki ya kutangaza hawezi kukwepa wajibu wa kuondoa alichotangaza.

Hoja ya halmashauri isikilizwe

Haki inatutaka pia tuisikilize halmashauri. Mji wa Ifakara unakua, barabara ya lami imeleta wafanyabiashara, na mahitaji ya shule, madawati, zahanati na uzoaji wa taka yanaongezeka kuliko mapato. Kila msamaha wa ada ni tundu katika mfuko. Tena, wapo wanaoweza kujificha nyuma ya jina la dini au la jamii ili kukwepa ada: mkutano unaoitwa wa maombi, kumbe mlangoni panauzwa chupa za maji na mafuta kwa bei, tamasha linaloitwa la hisani, kumbe nusu ya bango imefunikwa na nembo ya mdhamini. Afisa mapato anayesita kutoa msamaha kwa kila anayesema "sisi ni kikundi cha kanisa" hana roho mbaya. Anaogopa kudanganywa.

Jibu la hoja hiyo ni kuweka kipimo kinachoonekana. Tusiulize nani anatangaza. Tuulize anatangaza nini. Kama tukio lina kiingilio au lina bidhaa ya kuuzwa kwa faida ya mtu, ni biashara, hata kama mwandaaji ni parokia, na parokia ilipe bila kunung'unika. Kama tukio ni la wazi kwa wote na halina faida ya kugawana, ni taarifa ya jamii, hata kama mwandaaji ni chama ambacho afisa hakipendi. Kama nembo ya mdhamini imechukua sehemu kubwa ya bango, basi mdhamini ndiye anayetangaza, na mdhamini ndiye alipe. Kipimo cha namna hii kinalinda mfuko wa halmashauri na vikundi kwa wakati mmoja, kwa kuwa hakimwachii mtu yeyote nafasi ya kupendelea au ya kudanganya.

Tunapendekeza nini

Kwa heshima kwa Baraza la Madiwani na watendaji, tunaona mambo matano yanayoweza kufanyika bila gharama kubwa katika halmashauri zote za bonde letu.

La kwanza, kila kata iwe na ubao mmoja wa matangazo ya jamii usio na ada, uwekwe mahali watu wanapopita: sokoni, stendi, karibu na kituo cha afya. Karatasi igongwe mhuri na iandikwe tarehe ya kuondolewa.

La pili, sheria ndogo zitenganishe kwa maandishi tangazo la biashara, kibao elekezi na taarifa ya jamii, na kila moja iwe na masharti yake.

La tatu, masharti ya taarifa ya jamii yahusu ukubwa, mahali, muda na usafi tu, na yawe mamoja kwa Wakatoliki, Waislamu, Walutheri, wapagani, wanamichezo na wanasiasa.

La nne, ombi lijibiwe ndani ya siku zinazohesabika, na likikataliwa sababu iandikwe, ili mwenye kukataliwa aweze kukata rufaa kwa ngazi ya juu.

La tano, viwango vya ada vibandikwe wazi mbele ya ofisi. Mwananchi akijua kiasi anachopaswa kulipa, nafasi ya rushwa inakuwa finyu.

Nasi viongozi wa parokia, vigango na vyama vya kitume tuna sehemu yetu. Kabla ya kuchapa mabango, katibu wa kikundi afike kwa afisa mtendaji wa mtaa au kata na kuulizia sheria ndogo inayohusika, aisome mwenyewe, aulize kiwango na ofisi inayopokea malipo. Malipo yakihitajika, yafanyike kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na stakabadhi ihifadhiwe. Fedha isiwekwe mkononi mwa mtu, hata akisema ni kwa ajili ya kurahisisha. Kama ni mkutano wa hadhara, taarifa ya polisi itolewe mapema kuliko saa 48 zinazotajwa, na nakala yake igongwe mhuri wa kupokelewa. Kama tangazo litasimama kando ya barabara kuu, TANROADS wahusishwe. Kwenye mti kusipigwe msumari. Na ateuliwe mtu mmoja, kwa jina, mwenye kazi ya kuondoa kila karatasi na kila kitambaa siku mbili baada ya tukio. Kazi hiyo vijana wa VIWAWA wanaiweza, na itahubiri kuliko bango lenyewe.

Halmashauri inapotangaza kusudio la kurekebisha sheria ndogo zake, tusiwaachie wafanyabiashara peke yao kupeleka maoni. Halmashauri ya Walei ya parokia inaweza kukaa na jirani zake wa dini nyingine, kuandika waraka wa ukurasa mmoja, na kuupeleka kwa diwani na kwa mkurugenzi kabla muda wa maoni haujapita. Waraka uliosainiwa na paroko, na imamu, na mwenyekiti wa kikundi cha wakulima una uzito kuliko malalamiko mia moja ya barazani, kwa kuwa unaonyesha kwamba hakuna anayedai upendeleo.

Mwisho wa yote, mji hujulikana kwa kile kinachoweza kusomwa kwenye kuta zake. Mgeni anayeshuka kituo cha TAZARA au stendi ya Ifakara akakuta vinywaji na mikopo ya haraka peke yake, atadhani kwamba hapa watu hununua tu. Akikuta pia harambee, semina, michezo, ibada na siku ya kuchangia damu, atajua kwamba amefika mahali ambapo watu huitana na kujengana. Mungu awajalie viongozi wetu hekima ya kuwatendea wote kwa haki, na sisi sote moyo wa kutunza kilicho cha wote.